NGOMA YA MKONO NA NGOMA YA MASHINE: SOMO KWA WANAOREKODI NYUMBANI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wahenga hao hao walisema pia Mgala muue na haki yake mpe. Methali hizi mbili nimezitanguliza makusudi, kwa maana somo letu la leo lina pande mbili, na kila upande una haki yake. Hapa kwetu Kwa Vonza, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, kijana mwenye simu nzuri au tarakilishi ndogo anaweza kurekodi wimbo chumbani mwake bila kupanda gari kwenda Nairobi. Tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipewe hati yake mwaka wa 2013, tarakilishi zimekuwa vitu vya kawaida katika soko letu. Wanaorekodi ni wengi: wa nyimbo za injili, wa mapenzi, wa kufoka, na hata wa mashairi yetu ya chama.

Kila mmoja wao hukutana na swali moja kabla hajaimba hata neno: mdundo utatoka wapi? Je, abonyeze kitufe mashine ipige, ama amtafute mtu mwenye mikono apige ngoma? Wengine watasema, "Ah, hilo nalo ni swali? Bonyeza tu!" Ngoja kidogo, ndugu msomaji. Tulichambue jambo hili kama tunavyochambua ushairi, ubeti kwa ubeti.

1. MAANA YA MANENO

Tukitaka kuelewana, tukubaliane kwanza juu ya msamiati.

Mdundo ni mpangilio wa mapigo unaorudiwa. Ndio unaomfanya mtu atikise kichwa bila kuambiwa.

Mashine ya ngoma ni chombo cha umeme, au programu ndani ya simu na tarakilishi, kinachotoa sauti za ngoma kwa mpangilio uliowekwa na mtu.

Sampuli ni kipande kifupi cha sauti halisi kilichonaswa na kuhifadhiwa ili kipigwe tena na tena.

Hatua ni vijumba vidogo ambavyo mashine hugawanyia wakati. Mtu huchagua ni katika hatua zipi ngoma ilie, na zipi inyamaze.

Kasi ya wimbo huhesabiwa kwa mapigo katika dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde.

2. HISTORIA FUPI YA MASHINE

Mashine hizi si za jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Mrusi Leon Theremin aliunda chombo kilichoitwa Rhythmicon kwa ajili ya mtunzi wa Marekani, Henry Cowell. Mwaka wa 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani ikauza sanduku lililoitwa Sideman, lenye midundo iliyopangwa tayari kwa ajili ya wapiga vinanda.

Mwaka wa 1980 ulikuwa mwaka mkubwa. Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine iliyotumia sampuli za ngoma za kweli. Mwaka uo huo kampuni ya Roland ya Japani ikatoa TR-808. Hii haikuwa na sampuli. Sauti zake zilitengenezwa kwa umeme mtupu. Wengi waliicheka kwamba haifanani na ngoma, na Roland wakaacha kuitengeneza mwaka wa 1983, baada ya kuuza kama 12,000 hivi. Ajabu ni kwamba zile kuukuu ziliuzwa rahisi, vijana wa Marekani wasio na pesa wakazinunua, na mlio wake mzito ukawa msingi wa muziki wa kufoka. Hata leo ukiufungua wimbo wa vijana mjini Nairobi, ule mngurumo unaotikisa vioo vya matatu mara nyingi ni mtoto wa TR-808.

Wapiga ngoma hawakunyamaza. Mwaka wa 1982 tawi la London la chama cha wanamuziki cha Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka vinanda vya umeme na mashine za ngoma vipigwe marufuku, kwa sababu zinawanyang'anya watu kazi. Hazikupigwa marufuku. Lakini swali lao lilikuwa la haki: mashine ikipiga, mpigaji atakula nini?

3. UZURI WA MASHINE

Tuipe mashine haki yake.

Kwanza, haichoki na haikimbii. Mpigaji mgeni akifurahi huongeza kasi; akichoka hupunguza. Mashine ikiwekwa mapigo 100 kwa dakika itabaki 100 mpaka stima ipotee. Kwa anayejifunza kuimba au kupiga gitaa huyu ni mwalimu mkali anayefaa.

Pili, ni nafuu. Ngoma za bendi za kizungu, yaani ile ngoma kubwa ya mguu, ile ndogo yenye nyaya chini yake, na matuazi, ni ghali, na hazienei katika chumba cha kupanga. Programu kama BandLab hupatikana bila malipo kwenye simu, na Hydrogen kwenye tarakilishi.

Tatu, haina kelele. Unavaa visikilizi masikioni, unapanga mdundo saa tano usiku, na mzee wa nyumba ya pili analala fofofo.

Nne, kosa hurekebishwa. Pigo likianguka mahali pabaya unalifuta na kuliweka pengine. Huhitaji kuwaita watu waanze upya.

4. UDHAIFU WA MASHINE

Pamoja na sifa hizo, mashine ina kasoro, na kasoro hizo ndizo kiini cha somo hili.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu. Mashine nyingi zikifunguliwa huja na hatua 16, yaani mapigo manne, kila pigo likigawanywa mara nne. Hesabu hii inafaa nyimbo nyingi za kizungu. Lakini ngoma nyingi za Afrika hutembea kwa tatu tatu: mapigo manne, kila moja likigawanywa mara tatu, jumla 12. Ukiulazimisha mdundo wa 12 uingie katika nyumba ya 16 utakuwa kama mtu aliyevaa kiatu cha kaka yake. Atatembea, lakini utajua kiatu si chake.

Dawa ipo. Tafuta katika programu yako mahali pa kubadilisha idadi ya hatua, uweke 12. Kisha jaribu zoezi hili:

Ngoma nzito ilie katika hatua ya 1, 4, 7 na 10.
Njuga au kijiti kilie katika hatua ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11.

Ngoma na njuga zitakutana katika hatua ya 1 na ya 7 tu. Kwingine kote zitapishana. Sikiliza kwa makini. Sikio likifuata ngoma utasikia nne. Likifuata njuga utasikia sita. Huko kupishana ndiko kunakoufanya mwili ushindwe kukaa kitako. Mkono wa mpiga ngoma wa kijijini unajua jambo hili bila kuhesabu. Mashine hailijui mpaka wewe uifundishe.

Kasoro ya pili ni usawa uliopita kiasi. Katika mashine kila pigo lina nguvu ile ile, na huanguka mahali pale pale. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Pigo moja ni zito, la pili ni la kugusa tu, la tatu huchelewa kidogo sana, hata huwezi kuhesabu, ila unasikia. Mpigaji pia humtazama mchezaji. Mchezaji akiinua mguu, ngoma humpokea. Mashine haina macho. Ni kweli mashine za leo zinakuruhusu kubadilisha nguvu ya kila pigo na kulisogeza mbele au nyuma, lakini wangapi kati yetu hufanya kazi hiyo? Wengi hubonyeza mdundo uliopangwa tayari na kuanza kuimba. Matokeo yake, nyimbo 10 za watu 10 huvaa sare moja kama wanafunzi gwaride.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, na naomba tuitazame kwa utulivu. Ndani ya mashine mna sauti za nani? TR-808 ilikuwa na kitufe cha konga. Konga ni ngoma ya Kuba, iliyoundwa na watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, hasa upande wa Kongo. Kwa hiyo ngoma yenye damu ya Afrika ilivuka bahari hadi Kuba, ikaingia katika mashine ya Mjapani, ikarudi kwetu kama kitufe. Sasa itafute ngoma ya kilumi katika vitufe hivyo. Itafute mpaka jioni. Haipo, kwa sababu aliyeijaza mashine hakuwahi kuisikia.

5. NGOMA YA MKONO NYUMBANI

Wakamba tuna ngoma zetu. Kilumi ni ngoma ya akina mama wazee, akina susu wetu. Hupigwa katika mambo ya mizimu, uponyaji na kuomba mvua. Si mchezo wa kujifurahisha tu. Msomi Paul Kavyu aliuona muziki wa ngoma za Wakamba kuwa na uzito wa kutosha hata akauandikia kitabu kizima mwaka wa 1986. Na bendi zetu za gitaa nazo zilikua kwa mikono ya watu. Kakai Kilonzo, aliyeaga dunia mwaka wa 1987, na bendi yake ya Kilimambogo, waliirekodi benga na ngoma zikipigwa na mtu, na sahani zao zilichezwa hata na wasiojua neno la Kikamba.

Lakini tusijidanganye. Kurekodi ngoma ya mkono nyumbani kuna taabu zake.

Taabu ya kwanza ni nguvu ya sauti. Ukiiweka simu karibu na ngoma, sauti hujaa kupita kiasi na kupasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Isogeze simu kama mita 1 au mita 2, urekodi pigo lenye nguvu kuliko yote kama jaribio, kisha usikilize.

Taabu ya pili ni mwangwi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita 4, pigo linaloanzia ukuta mmoja huenda hadi wa pili na kurudi kwa sehemu 24 hivi kati ya 1,000 za sekunde. Hurudi tena na tena, na ngoma inasikika kama iko ndani ya pipa. Tundika blanketi kwenye kuta, simamisha godoro nyuma ya mpigaji, au rekodi nje penye utulivu. Chini ya mwembe hakuna ukuta wa kurudisha sauti, ila uwaombe radhi kuku! Chini ya mabati usijaribu siku ya mvua.

Taabu ya tatu ni ngozi yenyewe. Asubuhi yenye unyevu ngozi hulegea na sauti hushuka. Ndiyo maana wapigaji huianika ngoma juani au kuipasha moto kabla ya kupiga. Rekodi wimbo wote katika muda mmoja, la sivyo beti la kwanza na la mwisho zitakuwa na ngoma mbili tofauti.

Taabu ya nne ni kuchelewa. Unaposikiliza mashine kwa visikilizi huku ukirekodi ngoma juu yake, simu huchukua muda kidogo kuipokea sauti, na ngoma huonekana imechelewa ilhali mpigaji hana kosa. Ujanja ni huu: kabla ya wimbo, acha mashine ipige mara nne, na mpigaji apige kofi moja pamoja na pigo la nne. Baadaye ukiona kofi liko nyuma ya pigo hilo, livute pamoja na ngoma yote mpaka vilingane.

6. WENZETU WALIFANYAJE?

Si sisi wa kwanza kufika njia panda hii. Majirani wametutangulia.

Mjini Dar es Salaam, vijana wa mitaa ya watu wa kawaida waliunda mchiriku. Walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wengine huviona vya watoto, wakavipiga pamoja na ngoma za mkono. Kundi la Jagwa Music lilitoa sahani yao *Bongo Hotheads* mwaka wa 2012, na ukisikiliza utasikia kinanda kikipiga kelele na ngoma za watu zikikijibu.

Kaskazini mwa Uganda, Waacholi wana larakaraka, ngoma ya arusi ambayo kundi zima hupiga vibuyu kwa nyaya. Kukodi kundi kama hilo ni gharama, na nchi yao ilikuwa imechoshwa na vita. Mwimbaji Otim Alpha wa Gulu na mtayarishaji Leo Palayeng wakaipanga midundo hiyo kwenye tarakilishi. Kazi zao za miaka ya 2004 hadi 2015 zilikusanywa katika *Gulu City Anthems* mwaka wa 2017. Waliweka kasi na mpishano wa vibuyu ndani ya mashine. Hawakubonyeza mdundo wa mtu mwingine.

Tena Dar es Salaam, vijana wa singeli hukata vipande vya taarabu na nyimbo nyingine za kwao na kuviendesha mbio, mara nyingi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* wa mwaka wa 2017 uliufikisha muziki huo Ulaya.

Tunajifunza nini? Hakuna kati ya hawa aliyeikataa mashine. Vilevile hakuna aliyeiachia mashine ichague. Wote waliijaza vitu vya kwao kwanza.

7. NJIA NINAYOPENDEKEZA

Kwa mwanafunzi au kijana asiye na pesa nyingi, hatua ni tano.

(a) Panga mdundo mwepesi wa mashine ili ulinde kasi. Uwe wa kuongoza tu, usiwe mapambo.

(b) Rekodi juu yake angalau chombo kimoja cha mkono tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, bila kukata. Si lazima iwe ngoma kubwa. Kopo lenye mahindi makavu, chupa na kijiko, makofi ya watu watatu, vyote vinatosha. Kimoja tu kikiwa hai, wimbo wote hupumua.

(c) Sasa zima mashine usikilize. Ikiwa wimbo umesimama bila mashine, iache kimya kabisa. Ukiyumba, irudishe kwa sauti ya chini.

(d) Tengeneza hazina yako ya sampuli. Mwombe mpiga ngoma wa kwenu apige pigo moja moja: zito, jepesi, la kiganja, la vidole, la ukingoni. Rekodi kila moja mara tatu au nne ili zisifanane kama mapacha. Ziingize katika programu. Kuanzia hapo mashine yako ina kitu ambacho cha Japani hakina.

(e) Omba ruhusa, na umlipe au umtaje aliyekupigia. Hili si suala la adabu pekee. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi, na inataka ridhaa ya jamii yenye sanaa hiyo. Kilumi hasa ni mambo ya ibada. Ukienda kwa susu, keti chini, eleza unataka nini na kitatumika wapi. Akikataa, heshimu. Akikubali mapigo ya kawaida na kukataza ya mizimu, fuata neno lake.

8. HITIMISHO

Basi, mashine au mkono? Jibu langu ni kwamba swali lenyewe limepinda kidogo. Swali lililonyooka ni hili: ni nani aliyeamua jinsi wimbo wako utakavyodunda? Ikiwa ni wewe, hata mashine ni mkono wako. Ikiwa ni mtu wa mbali aliyepanga kitufe asiyekujua, basi hata sauti yako iwe tamu kama asali ya Kitui, wimbo huo umeazima miguu.

Kuna jambo moja la haraka. Programu itakuwepo kesho na kesho kutwa, tena iliyo bora zaidi. Mikono ya akina susu haitangoja. Mzee akifariki na mapigo yake hayajasikilizwa na mtu, hakuna kitufe duniani kitakachoyarudisha. Likizo inakuja. Mwenye simu na ainue simu.

ZOEZI

1. Taja sifa mbili na kasoro mbili za mashine ya ngoma.
2. Wimbo una mapigo 90 kwa dakika, na kila pigo limegawanywa mara tatu. Kila hatua ina urefu wa sekunde ngapi?
3. Ngoma inalia katika hatua ya 1, 5 na 9, na njuga katika hatua ya 1, 4, 7 na 10. Zinakutana katika hatua ipi? Pigeni wawili wawili kwenye dawati, mwalimu akiruhusu.
4. "Mcheza kwao hutunzwa." Jadili methali hii ukirejelea wanamuziki wa Gulu na Dar es Salaam.
5. Muulize mtu mzima wa kwenu jina la ngoma moja iliyopigwa alipokuwa kijana, ilipigwa lini na nani. Andika aya moja uilete chamani.